Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa yetu: maoni mmeyapokea, jibu liko wapi?

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam. Nakuandikia nikiwa barazani kwa jirani, kwani kwangu bado ni tope tupu. Juzi usiku maji ya mtaro yaliingia ndani hadi usawa wa kitanda. Cherehani inayosomesha wanangu wawili ililala majini.

Mtaro huo ofisi yako inaujua. Mwezi wa tatu niliupiga picha ukiwa umeziba, nikaituma kwenye ule mfumo wa simu mliotuletea mkituahidi kwamba sasa kila mwananchi atasikika. Nikajibiwa papo hapo: maoni yako yamepokelewa. Mwezi wa nne nikatuma tena. Yamepokelewa. Hadi leo hajaja hata mtu mmoja na koleo.

Dar es Salaam haikosi taarifa. Mwaka 2011 wakazi wa Tandale walichora ramani ya kata yao pamoja na wanafunzi. Mwaka 2015 ikaja Ramani Huria, vijana wa Chuo Kikuu Ardhi wakapita mitaani kuchora mitaro na kuuliza wenyeji maji hufika wapi. Mwaka 2022 nyumba zetu zikapewa namba. Kwangu mnapajua. Nadhani maoni hayasomwi, au yanasomwa na hayatengewi fungu. Nabaki kukisia kwa sababu hakuna aliyetueleza.

Linaloniuma zaidi ni bibi jirani yangu. Simu yake ni kitochi, picha haitumi. Miaka yote alisimama kwenye mkutano wa mtaa, akasema, ikaandikwa kwenye muhtasari. Safari hii afisa wako alimkatisha: maoni siku hizi yanatumwa kwa simu. Mama wa watu akakaa chini. Anaukumbuka mtaro ule tangu ulipochimbwa, na hakuna aliyemuuliza.

Ibara ya 146 ya Katiba inasema Serikali za Mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Ndugu Mkurugenzi, njoo mkutanoni. Mwenyekiti wetu yuko tayari kuuitisha siku yoyote utakayotaja. Njoo na yote tuliyotuma, utusomee moja moja: lipi litafanyika na lini, lipi halitafanyika na kwa nini. Hata likiwa hapana, tuambieni. Na bibi apewe nafasi ya kwanza kusema.

Tunaomba jibu kabla ya mvua za vuli.

Mkazi wako, fundi cherehani wa bondeni