Barua kwa Mwanaidi: mihogo yako ya maji

Muheza, Tanga

Shoga yangu Mwanaidi,

Sisi hatujambo, ila mvua imetushika. Barua yako imenichekesha: eti aliyekuuzia mbegu kakupunja, maana mihogo uliyochimba Aprili ilijaa maji na ikagoma kulainika jikoni. Msamehe mwenzio. Ulichimba wakati mti umeshaanza kula akiba yake.

Majani hutengeneza sukari kwa jua, sukari ikashuka chini, na baadhi ya mizizi ikanenepa kwa kuihifadhi kama wanga. Si yote, mingine hubaki myembamba, kazi yake kunyonya maji tu. Kiangazi kikikaza muhogo hupukutisha majani, ukatulia. Masika yakiingia unataka majani mapya, na hauna pa kuyatoa ila kwenye wanga ule ule uliokuwa unausubiri wewe. Ndiyo maana juu shamba lilipendeza, chini nyuzi tupu. Mwakani chimba kabla ya mvua, au vumilia majani yakomae, mizizi ijae tena.

Na using'oe shamba zima kwa pupa. Ardhini muhogo unakaa miezi, lakini ukishatoka, siku mbili tatu tu ndani unapiga mistari ya bluu. Mama hukata miti wiki mbili hivi kabla ya kuchimba, akaacha visiki vifupi, na mihogo yake kweli hukawia kuharibika.

Shemeji mwambie aache kufukia vipande vya muhogo akitegemea vitaota. Havina macho, vitaoza. Kiazi mviringo kinaota kwa kuwa kile ni shina lililovimba, si mzizi. Kiazi kitamu ni mzizi hasa, ila hicho ni kikaidi, kinachipua hata kabatini! Hata hivyo marando, vile vipande vya shina lake, ndiyo njia ya haraka.

Pingili za shina za kupanda nitakutumia mimi, za muhogo wa aina ya Kiroba. Inastahimili ugonjwa wa michirizi kahawia, ambao majani yanaweza kuonekana mazima kumbe mzizi umeoza ndani, mkavu. Kwa hiyo nitakata kwenye miti ambayo mihogo yake nimeipasua nikaiona.

Ile michungu ya kando ya uzio wasiitafune watoto ikiwa mibichi, ina sumu. Imenye, iloweke siku kadhaa, uianike vizuri ndipo uitwange unga.

Niandikie basi la huko linashusha mizigo wapi.

Wako,
Saumu