Barua kwa Shangazi: kwa nini madaktari wanaulizia damu ilhali mwanao ameumia shingo

Shangazi mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Uliniuliza kwa nini madaktari wanaihimiza familia ichangie damu, ilhali jeraha linalotutia hofu sote liko shingoni na mwanao hawezi kusogeza miguu. Nimeona nikujibu kwa maandishi, tena mahali ambapo wengine wataweza kusoma, kwa sababu katika kazi yangu ya uuguzi hapa Nairobi nimelisikia swali hilo kutoka kwa familia nyingi zilizofikwa na ajali za bodaboda.

Ugwe wa neva unaopita ndani ya uti wa mgongo hujeruhiwa mara mbili. Mara ya kwanza ni pale pigo lenyewe linapotokea, na hilo hakuna daktari awezaye kulirudisha nyuma. Mara ya pili huja polepole, kwa saa na siku zinazofuata, wakati ugwe unapovimba, mishipa yake midogo ya damu inapobanwa, na seli zilizonusurika pigo zinapokosa oksijeni na kuanza kufa. Mapambano yote ya sasa ni ya kuziokoa seli hizo, kwa kuwa wakati mwingine nyuzi chache tu za neva zinazosalia ndizo huamua kama mtu ataweza kushika kijiko au la.

Katika mwili usio na jeraha, mishipa ya ugwe hujirekebisha yenyewe ili damu iendelee kufika hata presha inapopanda au kushuka. Ukishajeruhiwa, uwezo huo hupotea, na damu inayofika pale hutegemea presha ya mwili wote. Wewe unayeishi orofa ya tano unajua kwamba msukumo wa maji ukipungua, mifereji yenu ndiyo inayokauka kwanza. Mwanao alivunjika pia mfupa wa paja, na mvunjiko huo peke yake unaweza kumwaga lita moja au zaidi ya damu ndani ya misuli bila tone kuonekana nje, ilhali mtu mzima ana takriban lita tano tu mwilini. Damu hiyo ikipotea, presha hushuka, na eneo linaloumia zaidi ni lile lililokuwa tayari limebanwa.

Ndiyo maana unawaona wakitazama namba ya wastani wa presha kwenye mashine kila wakati. Mwongozo wa madaktari wa upasuaji wa neva wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 ulipendekeza wastani huo uwe kati ya milimita 85 na 90 za zebaki kwa siku saba za mwanzo. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2024 ulilegeza kiwango hicho: usishuke chini ya 75 hadi 80, wala usipande juu ya 90 hadi 95, kwa siku tatu hadi saba. Waandishi wake walikiri kwamba ushahidi uliopo bado ni dhaifu. Kwa hiyo sitakuahidi kwamba presha nzuri itamsimamisha. Ninachoamini kwa dhati ni kwamba kuiacha ishuke ni kumnyima nafasi aliyo nayo.

Kuna jambo jingine ambalo familia hazielezwi mara nyingi. Mtu wa kawaida anayevuja damu, moyo wake hupiga mbio na ngozi yake huwa baridi. Aliyeumia shingo hupoteza amri za neva zinazokaza mishipa na kuuharakisha moyo, hivyo presha hushuka huku moyo ukipiga taratibu na ngozi ikiwa na joto. Hali hiyo inaweza kuficha kabisa damu inayovuja tumboni, na mgonjwa mwenyewe hawezi kulalamika maumivu ya tumbo asilolihisi. Msishangae basi wakimpiga picha za tumbo tena na tena. Tiba nazo zinatofautiana: aliyepoteza damu anahitaji damu, lakini aliyelegea mishipa akiongezewa maji ya dripu kupita kiasi mapafu yanaweza kujaa maji, na kinachomfaa ni dawa ya kukaza mishipa. Mwanao ana matatizo yote mawili kwa pamoja. Majeruhi wengine wanaovuja damu huachwa na presha ya chini kidogo hadi mshipa uzibwe, ili wasivuje zaidi; kwake yeye njia hiyo ni ya hatari, na huo ndio uzito wa maamuzi wanayoyafanya madaktari wake.

Baadaye, upungufu wa damu utamchosha katika mazoezi na kuchelewesha kupona kwa vidonda vya kulalia, kwa hiyo uliza kiwango chake cha himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, hata atakapohamishiwa hospitali ya rufaa ya majeraha ya uti wa mgongo. Pia usiogope utakapoona anadungwa sindano ya kuzuia damu kuganda baada ya kupoteza damu nyingi hivyo. Miguu isiyosogea huganda damu kwa urahisi, na donge likifika mapafuni linaweza kuua. Madaktari husubiri uvujaji utulie ndipo waanze, mara nyingi ndani ya saa 72.

Kuhusu wenzake wa steji waliojitolea, waambie waende kituo cha damu kilicho karibu na Hospitali ya Kenyatta. Anayechangia awe na umri wa miaka 16 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, ale vizuri na anywe maji kabla ya kwenda. Kundi la damu lisipolingana na la mwanao si kitu, kwa kuwa benki ya damu hubadilishana: hupokea damu yao na kumtolea mwanao ya kundi lake. Nawe ukionana na daktari kesho asubuhi, muulize mambo mawili: wastani wa presha umekuwa ngapi usiku kucha, na kama wameridhika kwamba hakuna mahali pengine panapovuja. Andika majibu yake, kisha unipigie simu.