Baa inafungwa saa tano usiku, ukuta wake unafungwa saa ngapi?

Kwa Mhariri,

Tangu Julai 2025 serikali ilipotoa ile sera ya kutaka umri wa kunywa pombe upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21 watu wamebishana weee, huyu anasema mtu wa 18 anapiga kura na anaoa sasa utamnyima bia kivipi, yule anasema hata 25 bado ni mtoto. Hiyo ya umri mimi nawaachia. Kuna kitu kingine kwa sera hiyo hiyo watu walikipita mbio, nacho ni matangazo, na ndicho kimenifanya niandike, juu mtoto haanzi kuijua pombe siku ametimiza 18, anaijua kitambo sana.

Mimi nakaa Kaptembwo hapa Nakuru. Ukitoka kwangu ukienda steji kuna ukuta umepakwa wote rangi ya kampuni ya bia, chupa imechorwa kubwa kuliko mlango wa hiyo baa yenyewe, inatoa jasho la baridi mpaka wewe unayepita saa saba na jua hilo unasikia kiu. Onyo liko pia, siwezi sema uongo, liko chini kabisa karibu na mtaro, herufi ndogo ndogo, na msimu wa mvua matope yakirushwa na bodaboda linafunikwa kabisa. Watoto wa Grade 2 wanajifunza kusoma hapo. Naongea kweli kabisa, wanasimama wanatamka silabi moja moja halafu wanashangilia. Na shuleni mwalimu akisema kila mtoto alete vizibo vya kuhesabia, sasa vizibo si vinatoka wapi kama si nyuma ya baa, anarudi na mfuko umejaa anavipanga mezani, vya bia hii hapa, vya ile pale, na anajua majina yote kuliko babake ambaye hanywi! Simlaumu mwalimu, vizibo ni vya bure na karo ya kununua vitu vingine iko wapi.

Sasa tuna sheria. Ile ya mwaka 2010 ambayo kila mtu anaiita Sheria ya Mututho, na Mututho alikuwa mbunge wa Naivasha, yaani ni wa kaunti yetu hii hii. Hiyo sheria ilisema baa ifunguliwe saa kumi na moja jioni ifungwe saa tano usiku, wikendi ianze saa nane mchana, isipewe leseni ikiwa chini ya mita 300 kutoka shule, na aliye chini ya miaka 18 asiuziwe. Mazuri hayo. Lakini ukuta haufungwi. Saa moja asubuhi mtoto akienda shule baa ina kufuli na tangazo liko kazini, na hizo mita 300 nani anaenda kuzipima kwa bilibodi, kwa mwavuli wa mama wa viazi, kwa tisheti ambayo kijana alipewa kwa promo na sasa dadake mdogo analala nayo?

Kwa simu ndio usiseme. Huko didijei au mchekeshaji anakunywa huku akitaja jina la kinywaji, hakuna mahali imeandikwa amelipwa, kijana anaona ni maisha tu ya watu waliofaulu. Hiyo sera ya 2025 ilitaka mastaa na mainfluensa wasitumike kutangaza pombe, kelele ikapigwa, tukaambiwa ni sera tu bado si sheria, basi hapo ndipo tuko.

Dawa nazo ni stori ingine. Marekani na New Zealand ndio wanaacha kampuni zitangazie watu wa kawaida kwa runinga dawa za kuandikiwa na daktari, tangazo linaonyesha mtu akicheza na mbwa wake huku sauti inasoma madhara mbio mbio kama kondakta anayeita abiria. Kwetu hairuhusiwi, lakini video za huko zinafika kwa simu za hapa bila pasipoti. Mpwa wangu wa Form Three alinishika mkono akaniuliza hiyo sindano ya Ozempic ya kupunguza mwili inauzwa pesa ngapi mjini, nikamwambia hiyo ilitengenezewa wagonjwa wa kisukari, akaniangalia tu akacheka, eti shangazi uko nyuma. Yeye mwenyewe amekonda kama fito! Na hapa mtaani nguzo za stima zimejaa karatasi za dawa za nguvu za kiume na namba ya simu chini, unapiga unaletewa, hakuna anayekuuliza cheti cha daktari wala miaka yako. Kijana akishazoea kwamba dawa ni kitu unachagua kama soda, tramadoli ya maumivu makali na ile ya kikohozi yenye kodini, ambazo zinalevya, hatamuogopa mtu akienda kuzitafuta.

Ombi langu liende kwa kaunti, juu Nairobi ni mbali na watachukua muda. Katiba ya 2010 ilipatia kaunti leseni za pombe, na ikapatia kaunti hiyo hiyo kazi ya kusimamia matangazo ya barabarani. Zote mbili ziko mikononi mwao! Leseni ya baa inalipiwa upya kila mwaka, kwa hivyo mwenye baa akija kulipa aambiwe kwanza ukuta unaoangalia njia ya watoto upakwe rangi ya kawaida, jina la baa libaki, chupa iondoke, ndio apigiwe muhuri. Na hizo karatasi za nguzoni zina namba za simu, askari wa kaunti wanaoshika mama mboga wanaweza pia kupiga hizo namba. Mwenye baa akilia kwamba rangi ni ghali akumbushwe ile ya kwanza alipakiwa bure.

Shangazi wa Kaptembwo,
Nakuru