Mbona hamkusema kwamba Vollmer alikataza kipigo?

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nikiwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, na sasa nimestaafu. Sikuwahi kukuandikia. Makala yenu ya Jumapili kuhusu August Vollmer, yule Mmarekani aliyetoka jeshini akawa polisi na hatimaye profesa, imenishinda kuivumilia.

Mwandishi wenu kajaza safu nzima kwa vita vya Ufilipino vya 1898, doria za baiskeli na nidhamu ya jeshi, akamalizia kwa kutaka vyuo vyetu viwape maofisa wastaafu kazi ya kufundisha haki jinai. Lililo kubwa kaliruka. Vollmer, akiwa mkuu wa polisi wa mji wa Berkeley, California, aliwakataza askari wake kumpiga mtuhumiwa ili akiri. Mwenyewe aliishia elimu ya msingi, lakini mwaka 1908 alianzisha shule ya polisi, na baadaye akaajiri wanafunzi wa chuo kikuu kuwa askari, maana alitaka kesi ijengwe kwa ushahidi. Aliifanyia kazi pia Tume ya Wickersham, tume ya serikali ya Marekani iliyochunguza utekelezaji wa sheria na kuanika mwaka 1931 mateso ya mahabusu nchini mwao. Kutoka jeshini alibeba nidhamu, ni kweli, lakini alibeba vilevile mazoea ya kumwona mhalifu kama adui wa vitani. Hilo la pili mmelisifu bila kulipima.

Mtoto wa dada yangu, fundi uashi, alikamatwa kwenye msako wa jioni akitoka kazini. Nilimfuata kituoni na chakula. Askari wa zamu akafungua kitabu, akapitisha kidole, akaniambia mtu wa jina hilo hayupo. Nikaomba basi nirudi na chakula changu. Akasema niache, ila nionje kwanza. Nikaonja wali na maharage mbele yake, akaubeba mfuko akaingia nao ndani kwa mtu ambaye hayupo! Ukutani juu ya kichwa chake palikuwa na tangazo kwamba dhamana ni bure. Mpelelezi alipokuja aliniomba hela ya karatasi za kuandikia maelezo, kisha hela ya mafuta, kisha akanong'ona kiasi cha kumtoa kijana. Kijana alipotoka, alikuwa anakanyagia visigino kwa sababu nyayo zilikuwa zimevimba kwa virungu. Walitaka ataje aliyeiba simu ambayo hajawahi kuiona. Mkono wake wa kulia, unaoshika mwiko, haukufunga ngumi kwa muda mrefu. Hakuna aliyefunguliwa mashtaka, si yeye wala waliompiga. Sasa niambie, Mhariri, hapo palipungua gwaride?

Na hayo mafuta! Mtaani kwetu wezi wakivunja duka tunaambiwa gari la doria halina mafuta, lakini siku ya mkutano wa hadhara magari yanajaa barabara nzima tangu alfajiri. Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilisikiliza wananchi wenye vilio kama hivi, ikakabidhi ripoti yake kwa Rais mwaka 2023. Makala yenu haikuigusa hata kwa sentensi moja.

Simkatai profesa aliyewahi kuvaa sare. Ninachotaka ni hiki: kabla hamjampa ukurasa, akae usiku mmoja wa Jumamosi katika chumba cha mashtaka cha kituo chochote chenye msongamano, kuanzia saa nne usiku hadi kunapopambazuka, akiwa na nguo za kiraia na daftari lake mwenyewe. Aandike kila anayeingizwa, saa aliyoingia, kosa aliloambiwa, na kama anatembea sawasawa. Asubuhi alinganishe daftari lake na kitabu cha kituo. Tofauti atakazozikuta mzichapishe ukurasa wa mbele, pale mlipoweka picha ya Vollmer.

Mwalimu mstaafu,
Dar es Salaam