Usaha ukikauka, usiache dawa

Mwanangu,

Nimesoma ujumbe wako, kwamba unatokwa na usaha uumeni. Sitakuuliza ulikuwa na nani. Hilo mwambie mhudumu wa afya.

Usaha mzito wa manjano unaotoka siku 2 hadi 7 baada ya kujamiiana mara nyingi ni kisonono. Klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, huchelewa, wiki 1 hadi 3, na ute wake ni mwepesi. Lakini macho hudanganya, na magonjwa haya hupenda kuandamana, kwa hiyo nenda ukapime. Usikojoe kwa saa 1 au 2 kabla ya kipimo, kisha kinga mkojo ule wa mwanzo kabisa, kwa kuwa ndio unaosomba vijidudu vilivyokaa kwenye mrija wa mkojo. Pima na kaswende na VVU hapohapo.

Kisonono hutibiwa kwa sindano moja ya seftriaksoni msulini, miligramu 500 au gramu 1 kutegemea mwongozo unaofuatwa. Inauma, vumilia. Ukipewa dawa ya siprofloksasini bila kipimo cha usugu, yaani cha kuona kama bado inaua vijidudu vyako, kataa: vijidudu vya kisonono vimeshaizoea.

Klamidia inataka doksisaiklini, miligramu 100 asubuhi na jioni kwa siku 7. Meza kwa glasi nzima ya maji, na usilale kwa nusu saa, maana kidonge kikinasa njiani huunguza umio. Maziwa, dawa za kiungulia na vidonge vya madini ya chuma huikamata dawa tumboni isiingie mwilini. Viachanishe nayo kwa saa 2 au 3. Jua kali nalo litakubabua upesi kuliko kawaida.

Usaha unaweza kukauka siku ya 2 tu. Wengi huacha hapo, wakabaki na ugonjwa usioonekana.

Kila uliyelala naye katika siku 60 zilizopita lazima ajue. Usimgawie vidonge vyako, mtabaki wote na nusu dozi. Na kama ni mjamzito, doksisaiklini haimfai. Kwa klamidia hupewa azithromaisini gramu 1 mara moja. Asipotibiwa atakurudishia, na yeye mirija yake ya uzazi inaweza kuziba. Msikutane kimwili mpaka siku 7 zipite tangu sindano, nyote mmalize dawa.

Usirudie kipimo cha klamidia kabla ya wiki 4, kwani mabaki ya vijidudu vilivyokufa bado husomeka. Rudi kupima tena baada ya miezi 3. Korodani ikivimba au homa ikipanda, nenda siku hiyohiyo.

Baba yako