Mishumaa ya Mei 12 na saa ya ukutani

Ndugu Mhariri,

Kila ifikapo Mei 12, Siku ya Wauguzi Duniani, wauguzi wa Mwanza huvaa sare zilizopigwa pasi, huandamana, huwasha mishumaa na kurudia kiapo chao. Hotuba zinazofuata karibu zote husema neno moja: uuguzi ni wito, uuguzi ni huruma. Sisi tuliofundisha kazi hii tunaomba nafasi tuseme kwamba taaluma hii haikujengwa juu ya huruma peke yake. Huruma hata jirani anayo. Taaluma ilianza pale mtu alipoanza kumwangalia mgonjwa kwa utaratibu, kuhesabu, kuandika, na kuchukua hatua kutokana na alichoandika.

Mishumaa hiyo ni kumbukumbu ya taa ya Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza aliyezaliwa Mei 12, 1820. Wachoraji hupenda kumpa kitaa cha mafuta chenye mdomo mrefu, kama cha jini wa hadithini. Kumbe aliyoibeba ni taa ya Kituruki ya kukunja, na jina la taa hiyo linatokana na neno lilelile la Kiarabu lililotupa sisi fanusi. Hilo ni dogo. Kubwa ni yaliyotokea wakati wa Vita vya Crimea katika hospitali ya jeshi la Uingereza pale Scutari, ng'ambo ya Istanbul, alikofika Novemba 1854 akiwa na wauguzi 38. Askari walikuwa wanakufa kwa kuhara, kipindupindu na homa ya matumbo kuliko kwa majeraha. Wauguzi wakafua, wakapika, wakafunga vidonda, wakakesha, na bado majira yale ya baridi maiti zilitolewa kwa mamia. Vifo vilishuka sana baada ya tume ya usafi kufika Machi 1855 na kuzibua mifereji ya maji machafu iliyopita chini ya jengo. Nightingale mwenyewe alilielewa jambo hilo barabara baada ya vita, alipokaa na takwimu za vifo pamoja na mtakwimu William Farr. Yaani huruma ilikuwapo tangu Novemba. Kilichokosekana ni hesabu.

Ndiyo maana shule aliyoianzisha mwaka 1860 katika hospitali ya St Thomas', London, ilimtaka mwanafunzi ajifunzie wodini, mbele ya mgonjwa, na asimamiwe na muuguzi mwenzake aliyemtangulia. Hatumfanyi mtume. Alipinga kusajili wauguzi kwa mtihani, na katika ubishi huo Ethel Bedford Fenwick, muuguzi aliyeutetea usajili, ndiye aliyekuwa sahihi: New Zealand ilitunga sheria ya usajili mwaka 1901, Uingereza ikafuata 1919, na sisi leo tuna Baraza la Uuguzi na Ukunga chini ya sheria ya 2010. Wala kuuguza hakukuzaliwa London. Waislamu wanamjua Rufaida al-Aslamiya na hema lake la majeruhi pale Madina, enzi za Mtume Muhammad.

Sasa tuingie wodini. Chukua chati kadhaa za wagonjwa wazima, shuka na safu ya pumzi. Mara nyingi utakuta 20, 20, 20, 20, kana kwamba wodi nzima inapumua kwa pafu moja. Sababu inaeleweka. Kipimajoto kinatoa namba chenyewe, mashine ya presha inatoa namba yenyewe, lakini pumzi inamtaka muuguzi asimame dakika nzima bila kufanya kingine. Akiwa na wagonjwa arobaini, anaandika 20, kwa kuwa mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika na hakuna atakayeihoji namba hiyo. Ni uongo salama kwa mwandishi, si kwa mgonjwa. Mwili unaoanza kuzidiwa hubadilisha pumzi mapema, saa kadhaa kabla presha haijaanguka, maana mishipa hujibana na moyo hukimbia ili presha isimame. Mgonjwa aliyetoka 18 kwenda 24 kisha 28 amekwisha kusema. Anayesubiri presha ishuke anamsikia mwishoni.

Namna ya kuhesabu ni hii. Maliza kuhesabu mapigo ya moyo, lakini usiuachie mkono. Mgonjwa akijua pumzi yake inahesabiwa, ataibadilisha bila kukusudia. Tazama kifua au tumbo: kupanda na kushuka ni moja. Hesabu sekunde 60. Ukihesabu 15 ukazidisha kwa nne, kosa la pumzi moja linakuwa kosa la nne, na kwa mtoto, ambaye pumzi yake husitasita, hapo ndipo nimonia inapopotea. Mtoto awe ametulia, asiwe analia wala kunyonya, nguo ikunjwe hadi kifuani. Wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 na zaidi ni za haraka; wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 na zaidi. Kifua kikibonyea chini ya mbavu kila anapovuta hewa, tazama mara mbili. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, hiyo ni rufaa ya haraka.

Kwa kanda yetu hili lina uzito wake. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, gari la wagonjwa kutoka Sengerema halisubiri tena feri. Lakini muuguzi wa zahanati kule Ukara, au karibu na kambi ya dagaa kisiwani, bado anategemea chombo na hali ya ziwa. Namba aliyoihesabu saa tisa alasiri ndiyo inayomwambia atafute boti kabla giza halijaingia na ziwa halijachafuka. Aliyeandika 20 kwa mazoea hana cha kumwamsha nacho nahodha.

Dripu nayo ni hesabu. Lita moja kwa saa 8, kwa mrija wa matone 20 kwa mililita, ni matone 42 kwa dakika. Mrija wa matone 15 unataka 31. Idadi hiyo imeandikwa kwenye pakiti ya mrija, na pakiti ndiyo ya kwanza kutupwa. Mgonjwa akikunja mkono maji yakasimama, usifungulie kwa kasi "kufidia": kwa mzee au mwenye moyo dhaifu, maji hayo huishia mapafuni.

Kuhusu vidonda vya kulalia, vitabu vingi vinasema tafuta wekundu usiofifia ukibonyeza. Viliandikwa kwa ngozi nyeupe. Kwa ngozi yetu, tumia mgongo wa mkono: pakiwa pa moto, pagumu au peusi kuliko pembeni, kwenye kiuno kwa nyuma au kisigino, kidonda kimeshaanza ndani. Mgeuze kila saa mbili, na uandike amegeukia upande gani, la sivyo zamu inayofuata itamrudisha kulekule.

Tena ripoti ya zamu itolewe kando ya kitanda, si kwenye chumba cha chai. "Kitanda cha sita anaendelea vizuri" si ripoti. Ripoti ni hii: pumzi 18 asubuhi, 22 saa nane mchana, 26 sasa hivi saa kumi na mbili, mkojo mililita 70 kwa saa nne hizo, naye ana kilo 60, kwa hiyo tulitarajia angalau 120, yaani nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, daktari amejulishwa saa kumi na moja na nusu. Anayepokea zamu hapo anajua pa kuanzia.

Ombi letu ni dogo. Wodi nyingi hazina saa ya ukutani inayofanya kazi, na saa ya kubana kifuani siku hizi wanayo wachache. Wanafunzi wanahesabu kwa simu, ile inayotoka mfukoni ikalazwa kitandani kisha ikarudi mkononi, na mikono iliyooshwa sekunde 40 hadi 60 inakuwa imeoshwa bure. Mwaka huu kamati za maandalizi zikichangisha fedha za fulana na keki, zitenge ya saa moja yenye mshale wa sekunde kwa kila wodi, itundikwe pale muuguzi aliyeinama kitandani anapoweza kuiona, na betri ya akiba ikae kwenye droo ya inchaji, muuguzi msimamizi wa wodi.

Wakufunzi wastaafu wa uuguzi,
Nyamagana, Mwanza