Barua kuhusu Joseph Reid Anderson, Mwenye Kiwanda cha Chuma wa Richmond

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe pamoja na wote wa nyumbani. Baada ya salamu, uliniuliza kwa nini kila tunapozungumzia vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani mimi huwaacha majenerali nikamshika mwenye kiwanda. Mwenye kiwanda huyo ni Joseph Reid Anderson. Ninamfuatilia kwa sababu maisha yake yanaonyesha waziwazi kuwa utumwa haukuishia kwenye mashamba ya pamba na tumbaku, bali uliingia hadi mbele ya tanuru la chuma, katika kazi ya ufundi mkubwa.

Anderson alizaliwa katika jimbo la Virginia mwaka 1813, akahitimu chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1836 akiwa wa nne katika darasa lake, lakini jeshini hakudumu. Mwaka 1841 aliajiriwa kuwa wakala wa biashara wa kiwanda cha Tredegar, kilichokuwa kando ya mto James mjini Richmond na kuendeshwa kwa maji ya mfereji. Alikikuta katika hali ngumu ya fedha, akakitafutia zabuni za kuitengenezea mizinga serikali ya Marekani, akakikodi, na kufikia mwaka 1848 kikawa mali yake.

Ili uelewe yaliyotokea mwaka 1847, lazima kwanza uione kazi yenyewe. Chuma cha kusubu huvunjika upesi kwa kuwa kina kaboni nyingi, kwa hiyo ili kipate kufuliwa kiliyeyushwa upya ndani ya tanuru maalumu, na fundi akasimama mbele ya tundu dogo la mlango wake akikikoroga kwa fito ndefu ya chuma. Kadiri kaboni ilivyoungua, uji ule ulizidi kuwa mzito, na fundi alijua kwa macho yake na kwa uzito aliousikia mikononi kwamba wakati umewadia wa kuukusanya uwe mabonge, ambayo yalitolewa yakiwa meupe kwa moto na kupelekwa kwenye nyundo na rola. Hakuna kipimo kilichomsaidia. Akikosea, chuma chote kiliharibika, na ndiyo maana wakorogaji Wazungu walilipwa vizuri na walilinda ufundi wao kwa wivu.

Anderson aliona mishahara hiyo ni mikubwa mno ikiwa anataka kushindana na viwanda vya Kaskazini, akaamua kwamba watu weusi waliokuwa watumwa wafundishwe kazi ile. Wafanyakazi Wazungu waligoma, wakidai watumwa waondolewe. Anderson aliwaandikia kwamba kwa kuacha kazi walikuwa wamejifukuza wenyewe, akawataka wahame nyumba za kampuni, na akadai kuwa mgomo wao ulikuwa unagusa haki ya mwenye mtumwa kumtumia apendavyo. Alishinda. Katika ugomvi huo wote pande mbili zilisikika, ya tajiri na ya wafanyakazi Wazungu, lakini wale waliosimama mbele ya moto ule bila hiari yao hawakuulizwa neno. Jambo hili linaniuma kila ninapolisoma, kwa maana ufundi ulikuwa wao na sifa ikabaki kwa mwenye mali.

Vita vilipoanza mwaka 1861, Tredegar ndicho kilikuwa kiwanda kikubwa kuliko vyote vya chuma upande wa Kusini, yaani wa majimbo ya watumwa yaliyojitenga na Marekani. Kiliunda mizinga ipatayo 1,100 na mabamba yaliyoivika meli ya kivita iliyoitwa Virginia. Anderson mwenyewe alikwenda vitani akiwa brigedia jenerali, akajeruhiwa Juni 1862, kisha akajiuzulu na kurudi kiwandani, ambako nadhani alikuwa na manufaa zaidi kwa upande wake. Tatizo lake kubwa halikuwa mashine bali malighafi, na hivyo akalazimika kushughulikia mpaka matanuru ya milimani na migodi ya makaa ya mawe, nako pia akitegemea kazi ya watumwa.

Richmond ilipoteketea Aprili 1865, kiwanda kilisalimika kwa sababu wafanyakazi wake wenye silaha walilinda malango dhidi ya wachomaji na waporaji. Rais Andrew Johnson alimsamehe Anderson mwaka huohuo, naye akarudishiwa mali yake. Watu weusi waliendelea kufanya kazi Tredegar, safari hii kwa ujira, ila sijaona popote kwamba walilipwa fidia ya miaka iliyotangulia. Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 1873 kampuni iliyumba, na viwanda vingine vilipohamia kwenye chuma cha pua, Tredegar haikuwa na mtaji wa kuvifuata. Anderson alifariki mwaka 1892.

Ukipata nafasi, niandikie kama wanafunzi wako wa kidato cha nne wanafundishwa lolote kuhusu utumwa wa viwandani. Nitafurahi kukutumia maelezo marefu zaidi juu ya mgomo ule wa mwaka 1847.

Wasalimie wote.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.